Bomba la Inchi Moja na Robo

Ziwani, Nairobi
4 Machi 1979

Shemeji Makau,

Sikuulizi hali, maana mtu anayelala ubavuni mwa boila ya kukausha chai hapati hata mafua. Sisi wa mjini tu wazima. Dada yako Nthenya ananenepa, na majirani wanaona kwa macho yao kwamba hakuolewa na "muuza redio asiye na mbele wala nyuma", kama ulivyosema mbele ya wazee wenu na wetu.

Nimepata kazi. Wala siyo ya kubadilisha globu. Ni jengo la ghorofa moja hapa Shauri Moyo, ng'ambo ya Gikomba, la ushirika wa akina mama washonaji. Watashona sare za shule: mashine ishirini juu, na meza nzima ya pasi kubwa, yote kwa umeme wa laini tatu.

Leseni yangu inaishia nyumba za kawaida. Yako ni ya daraja la juu, ingawa sijui inakusaidia nini huko kwenye majani. Fomu ya kumaliza kazi nimeitia humu. Weka sahihi pale chini, uirudishe kwa bahasha yenye stempu niliyokuwekea. Ni kazi ya dakika moja, hata kwa mtu wa mwendo wako.

Usije ukasema umetia sahihi gizani, haya ndiyo mambo yenyewe: waya kubwa nne za milimita za mraba thelathini na tano kutoka chumba cha mita chini hadi kwenye boksi la fyuzi juu, na ethi, ile waya ya kupeleka umeme ardhini, ya kumi na sita. Bomba ni la chuma, inchi moja na robo. Wajenzi walishalizika ndani ya zege kabla sijaingia. Lina kona tatu.

Bedan Kabiru,
Mkandarasi wa Umeme


Kericho
13 Machi 1979

Bwana Mkandarasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi.

Fomu narudisha ikiwa tupu. Hiyo stempu nayo ungeitunza, utaihitaji siku ya kuandika barua za kuomba kazi.

Chukua kipimo, upime unene wa waya moja ikiwa imevaa koti lake la plastiki. Utapata milimita kumi na kitu. Ina maana kila waya inakula karibu themanini za mraba ndani ya bomba. Nne ni mia tatu na ishirini. Ethi, arobaini na mbili. Jumla mia tatu sitini na mbili. Tundu la bomba lako ni mia sita na hamsini. Umepita nusu. Kanuni inasema sehemu mbili kwa tano za tundu, ukifika hapo simama. Nafasi inayobaki haikuachwa kwa uzuri. Waya ikibeba mzigo hupata joto, na joto lazima lipate pa kwenda. Tena waya zinazobanana hazivutiki, zinachunika. Na kona tatu bila boksi la kuvutia katikati! Mbili ndiyo mwisho.

Liache bomba hilo lilale kwenye zege kama maiti. Panda na lingine la inchi mbili juu ya ukuta, kwa nje. Halitapendeza macho, lakini hujaitwa kupamba.

Haya Ochola angekuambia kwa kutazama tu, na Ochola hajui kusoma. Nilikuachia mtu ambaye amevuta waya miaka kumi na tano. Muulize. Najua hutamuuliza.

Makau


Ziwani
25 Machi 1979

Mwalimu Makau,

Ahsante kwa somo la hesabu. Sasa nisikilize mimi niliyekaa darasani Ijumaa jioni mwaka mzima, wakati wewe ulijifunza kwa kubebea Wahindi ngazi.

Kwenye waya imeandikwa thelathini na tano. Imeandikwa, siyo nimeota. Thelathini na tano mara nne ni mia na arobaini. Ongeza kumi na sita ya ethi: mia moja hamsini na sita. Gawa kwa mia sita na hamsini yako. Hata robo haijafika! Hiyo mia tatu na kitu uliitoa wapi, kwenye magunia ya chai?

Unataka niende mbele ya kamati ya akina mama, niwaambie jengo lililopakwa rangi jana nalitundikia bomba ukutani kama la choo? Ndivyo ungefurahi.

Hata hivyo umechelewa. Waya zimepita Jumanne, zikateleza kama ulimi kwenye uji. Ochola alisema bomba ni jembamba. Nikamwambia yeye ni wa kuvuta, kufikiri kuna mwenyewe.

Fomu ni hii tena. Sikuombi kwa ajili yangu.

B. Kabiru


Ziwani
2 Aprili 1979

Kaka yangu Makau,

Mama ameandika kutoka Mbooni, mguu unaendelea vizuri. Nimemtumia kitenge.

Najua wewe na Kabiru mnatukanana kwa barua. Yeye akipokea yako huisoma amesimama mlangoni, kisha hataki chakula. Sasa naandika mimi, na yeye hajui.

Kuna jambo hakukwambia. Ule ushirika ni wetu. Mimi ni mmoja wa washonaji, mashine yangu ni ya tatu kutoka dirishani. Kamati ilitaka kumpa kazi fundi mwingine, mimi nikasimama nikasema mume wangu anaiweza. Mwenyekiti wetu, Mama Waringa, akaniuliza mbele ya wote, "Unaapa?" Nikaapa. Sasa unajua kwa nini hawezi kurudi kwa kamati aseme bomba halifai. Ananifichia aibu mimi.

Na kazi wamefanya kwa nguvu, kaka, usione ni wavivu. Nilikuwepo siku ile. Ochola na wenzake wanne walivuta mpaka kamba ikawakata viganja. Waya zikakwama kwenye kona ya pili. Wakazipaka grisi, zikasogea kidogo, zikakwama. Basi Kabiru akaleta pikapu, wakafunga kamba nyuma, ikavuta kupitia dirishani. Ilitoa mlio kama ng'ombe. Lakini zilitoka! Watu wakapiga makofi. Ochola peke yake hakupiga. Mimi ndiye niliyefagia pale juu, maganda mekundu na ya manjano yamejaa sakafuni, nusu karai. Nilidhani ni karatasi walizofungiwa hizo waya.

Tia sahihi, kaka. Kwa ajili yangu. Hili ni la kwanza kukuomba tangu niolewe.

Dada yako,
Nthenya


Kericho
9 Aprili 1979

Nthenya,

Ulichofagia si karatasi. Waya haiji imefungwa karatasi. Ni koti la waya lenyewe. Waya nyekundu na ya manjano zimechunwa ndani ya bomba kama mbuzi, na mumeo akapigiwa makofi. Grisi nayo italainisha hata lile lililobaki.

Mwambie hiyo thelathini na tano iliyoandikwa ni shaba peke yake. Alipima watu bila nguo zao, akasema wanatosha kitandani. Mtoto wa darasa la nne angeuliza swali. Yeye ana kadi yenye jina lake kwa wino wa dhahabu, kwa hiyo haulizi.

Ochola anajua mega, kile kipimo cha kuzungusha kwa mkono. Akiazime popote apime kila waya na bomba, na waya kwa waya. Sindano ikilala, yaani koti linavujisha, umeme usiwashwe.

Sitatia sahihi. Wewe usiguse mashine yoyote ya mahali hapo. Nilisema siku ile mbele ya wazee kwamba unaolewa na mdomo. Mdomo huo leo umeshika waya.

Makau


Ziwani
17 Aprili 1979

Kaka,

Barua yako nilimsomea Kabiru yote, mstari kwa mstari. Sikuruka hata ile ya mbuzi.

Unajua alichosema? Alisema, "Huyo angeandika hivyo hata kama ningetumia bomba la kupitisha gari." Na alichosema ni kweli. Alipofungua duka la redio ulisema ataunguza mtaa. Aliponunua baiskeli ulisema ni ya wizi. Harusi hukuja, ulituma blanketi kwa mtu wa basi. Alipopata leseni uliuliza kama siku hizi zinauzwa Gikomba karibu na mitumba.

Miaka sita, kaka, hujasema neno moja jema juu yake. Sasa huenda unasema kweli, tutaijuaje? Imevaa nguo zilezile za matusi yako. Ungeandika, "Kabiru, kuna hatari, nakuja," angeweka vyombo chini. Namjua. Lakini huandiki hivyo, kwa sababu hujali waya. Unajali kuwa juu.

Mega hakuna. Ochola ameacha kazi. Alikuja mlangoni kuaga, akakataa hata chai, akasema, "Shemeji, siku mvua ikinyesha msikae karibu na meza ya pasi." Sikumwelewa, na Kabiru alisema ni kinyongo.

Ukitaka kuandika tena, andika kama kaka.

Nthenya


Shauri Moyo
30 Aprili 1979

Shemeji,

Haya ni machache, nina kazi nyingi.

Fomu imepata sahihi. Kuna fundi wa daraja lako ambaye moyo wake hauna ukungu wa Kericho. Umeme uliwashwa juzi Jumamosi, padri akaombea, Mama Waringa akakata utepe. Mashine ishirini zilinguruma kwa pamoja. Nilikutafuta kwa macho kwenye umati, nikakumbuka wewe huji kwenye sherehe zetu.

Bomba lako la inchi mbili litie chai.

Kabiru


Hospitalini, Nairobi
24 Mei 1979

Shemeji Makau,

Anayeandika ni Nthenya, maneno ni yangu mimi Kabiru. Nimemwambia asiongeze lake.

(Nitaongeza, kaka. Mikono yake imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, hawezi kuninyang'anya kalamu.)

Nilipata ajali ndogo kazini.

(Siyo ndogo. Leo ni siku ya tisa.)

Mvua zilipozidi, akina mama wakaanza kusema mashine zinawang'ata. Niliwaambia ni viatu vyao vyenye maji. Fyuzi kubwa ya juu ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Nikaweka nene zaidi, ikakaa siku nne. Jumanne tarehe kumi na tano ikakatika tena saa nne asubuhi, Mama Waringa yuko pale na mzigo wa sare za shule mbili unangojewa. Akaniuliza, "Kabiru, hii kazi imeisha au haijaisha?" Nikasema imeisha. Nikachukua fyuzi, nikaisukuma mahali pake, umeme ukiwa hai, mashine na pasi zote zimewashwa.

Andika kwamba nilijua haifai kufanya hivyo.

(Nimeandika.)

Sikusikia kishindo. Wengine wanasema kilisikika hadi sokoni. Mimi niliona weupe, basi. Halafu nikanusa nyama.

(Nilikuwa mezani kwangu, kaka. Nilimwona amesimama na mikono ameinyoosha mbele, kama mtu anayepokea mtoto. Nguo yangu iliyokuwa kwenye mashine ndiyo niliyomfungia. Na mwenzetu Kavata, aliyekuwa ameegemea meza ya pasi, alitupwa chini. Alizinduka baada ya muda. Yuko nyumbani, mkono wa kushoto hauinuki bado.)

Sasa wewe furahi. Una haki. Kunja barua hii uiweke kwenye fremu.

Lakini niambie jambo moja kabla hujacheka. Waya ziko mle kwenye zege, umeme umekatwa, wanawake ishirini wamekaa nyumbani. Nikipona niwavutie nyingine kwa njia gani? Andika taratibu, Nthenya atanisomea.

(Ametaka nifute hilo la mwisho. Sikufuta.)

Kabiru


Kericho
29 Mei 1979

Kabiru, na Nthenya,

Sikucheka. Nilijaribu, nawaambieni kweli, kwa sababu nilikuwa nimekiweka kicheko hicho tayari muda mrefu. Hakikutoka.

Kuna jambo mnapaswa kulijua, na sitaki mlisikie kwa mwingine. Mwisho wa Aprili nilikuwa na likizo ya siku nane. Mega ninayo, ni ya kiwanda, meneja huniachia niitumie. Basi la asubuhi linafika Nairobi kabla jua halijatua. Siku hizo zote nane nilitengeneza banda la kuku. Nilikuwa na barua yako Nthenya mfukoni, ile ya mvua na meza ya pasi, na maneno ya Ochola niliyaelewa mara moja: maji yakifika kwenye waya zilizochunwa, chuma chote hung'ata. Sikuja. Nilikuwa nangojea mwaibike kwanza ndipo nije nikiwa nimeitwa. Nilipiga misumari nikipanga nitakayosema nikifika.

Kavata simjui. Mnipe jina la babake, nitakwenda kwao kabla ya kuja kwenu.

Kabiru, kazi yako ilikuwa mbovu. Nalisema hili bila chumvi, kwa kuwa umeuliza: hesabu mbaya, grisi mbaya, pikapu mbaya, na fyuzi wazimu. Lakini mimi nilikuwa na hesabu sahihi na nikakaa nayo nyumbani. Sijui kati yetu mbaya zaidi ni nani. Nimejiuliza tangu barua yenu ifike, na jibu linalokuja silipendi.

Nafika Jumamosi tarehe tisa. Nimenunua bomba la inchi mbili, nitalipakia juu ya basi. Mtafuteni Ochola. Mwambieni Makau anamwomba, siyo anamwita.

Makau


Kericho
19 Juni 1979

Nthenya,

Nimerudi salama. Mgongo unauma.

Kuna niliyoyaona huko ambayo sikuweza kuyasema kwenye meza yako. Nilidhani tutahitaji wanaume sita wa kuvuta. Mama Waringa alipowapanga wale wanawake kwenye kamba, nilitaka kukataa, nikaona sina wa kuwaweka badala yao. Wewe ulikuwa wa nne. Mimi chini nalisha waya bombani, Ochola kwenye boksi la kati na chaki ya unga ya kuzitelezesha, na Kabiru juu, mikono kwenye bendeji, hana la kufanya ila kupiga kelele.

Nimefanya kazi na wengi. Anayelisha hamwoni anayevuta, anategemea sauti tu. Sijapata kusikia mtu akiita vile. "Polepole. Simama. Makau, ya bluu imelegea, ikaze. Sasa." Alikuwa anaona waya zile kwa masikio. Hakukosea hata mara moja. Zilipita kwa dakika kumi na moja, na nilipopima, sindano ilisimama juu kabisa haikutikisika.

Nilitaka kupanda ngazi nimwambie. Nilipofika juu nikamwambia bendeji yake ni chafu.

Unaweza kumsomea hili au usimsomee.

Makau


Ziwani
8 Julai 1979

Kaka Makau,

Nilimsomea. Alisikiliza akitazama dari. Nilipomaliza akasema, "Mwambie alipinda ya bluu kupita kiasi kwenye boksi la chini. Fundi mzima." Nikamwambia hiyo ndiyo salamu yako kwa kaka yangu? Akasema, "Aliyetukana bendeji yangu ni nani?" Basi, nimeandika kama alivyosema. Msinitafute mimi niwapatanishe, nina sare mia mbili za kumaliza.

Leseni wamemnyang'anya. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya leseni, na barua niliyomwandikia, akaeleza yote, hata jina la yule aliyetia sahihi bila kuona. Kamati ilikaa muda wa saa tatu kujadili kama nami nitolewe kwa kile kiapo. Kavata alinyanyua mkono ule wa kulia akasema nibaki. Sikustahili. Nakaa naye mashine moja sasa, mimi nakanyaga, yeye anaongoza kitambaa kwa mkono mzima.

Ochola amepata kazi kwa mkandarasi mwingine huko mtaa wa Tena, na amemchukua Kabiru awe mwenzake. Anayelipwa zaidi ni Ochola. Kabiru anasema ni mambo ya muda. Haulizwi hesabu, anaita tu waya zikivutwa, na Ochola anasema hajapata mwenye sauti kama hiyo.

Bendeji zimetoka. Vidole vinakunja, kikombe anashika. Lakini ngozi mpya ya viganja haijui chochote. Juzi alishika sufuria ya uji wa moto jikoni bila kitambaa akaipeleka mezani, mimi napiga kelele, yeye anauliza kuna nini.

Kila asubuhi kabla hajaenda Tena anapitia kwetu Shauri Moyo. Anangoja mashine zote ziwashwe, pasi zipate moto, kisha anakwenda kwenye lile bomba lako ukutani. Wiki ya kwanza alikuwa anaweka kiganja kusikiliza kama linapata joto. Akaona hasikii kitu. Sasa anaweka shavu. Anasimama hivyo, macho ameyafumba, akina mama wanashona, mpaka aridhike. Halafu anavaa kofia anatoka.

Nthenya